Jina Nililoliondoa Kwenye Gazeti Letu

Kompyuta ilikuwa ya parokia. Tuliruhusiwa kuitumia Jumamosi mchana tu, mpaka esansi ya jenereta iishe. Prof wa Kifaransa ndiye aliyeanzisha gazeti la shule, na alinichagua mimi kuandika kwenye kompyuta kwa sababu mama mdogo alikuwa amenifundisha kupiga mashini ya kuandikia ya ofisini kwake. Halafu mimi siongei. Shuleni waliniita Bubu. Ukikaa mbele ya kioo cha kompyuta hakuna anayekuomba uongee, kwa hiyo nilifurahi, na siku zile furaha haikuwa nyingi Bunia.

Tulipanga kila kitu mule ndani: kurasa kumi na sita, mafumbo katikati, mashairi ya wadogo mwishoni. Nilijifunza kuhamisha habari nzima toka ukurasa mmoja kwenda mwingine bila kukata kitu kwa kalamu ya biki, nikajiona mganga.

Sheria ya gazeti ilikuwa moja: majina ya ubatizo tu. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Jina la nyumbani linasema kabila lako kabla hujafungua kinywa, na kwenye bariere, vizuizi vya barabarani, vijana wenye bunduki walikuwa wanasoma majina. Siye wanafunzi kadi za shule tuliziacha nyumbani, chini ya godoro. Gazeti nalo lingetembea mjini, mkononi mwa mtu yeyote.

Rafiki yangu, yule tuliyekaa naye benchi moja, aliniletea kurasa mbili alizochana kwenye kaye yake, daftari la shule. Familia yake ilikuwa imekimbia toka kijiji kimoja cha upande wa Djugu, kwa miguu. Mdogo wake wa mwisho alishikwa na homa njiani, akafa. Walimzika kando ya barabara na kuendelea. Hawakuweka msalaba wala jiwe, maana risasi zilikuwa zinasikika nyuma yao. Mtoto hakuwa amebatizwa. Tangu azaliwe njia ya kwenda misheni ilikuwa imefungwa. Alikuwa na jina moja tu, la babu yake.

"Ile jina ibakie," rafiki yangu aliniambia. "Ingine yote unaweza kukata. Hata yangu, toa. Lakini yake imeandikwa fasi gani ingine? Hakuna."

"Itabakia," nilisema.

"Bubu ameongea," akacheka. "Sasa iko sheria."

Jumamosi ya mwisho Prof alisoma kila kitu akiwa amesimama nyuma yangu.

"Binti, majina ya nyumbani bado yako humu," alisema. "Ondoa yote. Sitaki mzazi aje kulia mlangoni kwangu."

Akatoka kuangalia jenereta. Kutoka pale nilipokaa mpaka alipokuwa ni hatua kumi. Nilikuwa nayo sentensi tayari: Prof, huyu mtoto hana jina lingine. Nilikuwa nimeipanga vizuri, kama kwenye somo lake. Sikuinuka.

Nilifungua kile kidirisha cha kutafuta neno na kuweka lingine mahali pake. Juu niliandika jina la mtoto. Chini niliandika "mutoto". Nikabonyeza palipoandikwa Remplacer tout, yaani badilisha yote. Kompyuta ikanijulisha kwamba imebadilisha mara kumi na moja. Kulikuwa bado na kitufe cha kurudisha, nilikijua, nilikitumia kila mara kwa makosa madogo madogo. Nje jenereta ikakohoa. Nikaogopa kupoteza kazi yote, nikaiweka kwenye disketi, na ukurasa wa rafiki yangu sikuusoma tena.

Gazeti lilitoka Jumatano. Rafiki yangu alifungua ukurasa wake pale pale kwenye benchi letu, akasoma polepole, nami nikasoma pembeni yake. Baba alimupa jina ya babu yetu, mutoto. Siku ya kumuzika mama aliita mara tatu: mutoto, mutoto, mutoto.

Nyuma yetu kijana mmoja alikuwa anasoma ule ule kwa sauti. "Mutoto anaitwa Mutoto?" alisema. "Hii familia ilichoka kutafuta jina." Wenzake wakacheka. Hawakujua. Mimi nilijua, na niliinama nikafunga kamba ya kiatu.

"Weye njo ulifanya hivi?" rafiki yangu aliniuliza.

"Iko mashini," nikasema.

"Mashini inajua jina ya mudogo yangu?"

Saa ya mapumziko alipita darasa kwa darasa na biki yake, akiomba watu magazeti yao. Alikata "mutoto" na kuandika jina juu yake, mara kumi na moja kwa kila gazeti. Wengine walimpa. Wengine walimwambia asiwachafulie kitu kipya. Prof alisimama mlangoni, akaona anachoandika, na hakumkataza. Hapo nilielewa kwamba ningemfuata kwenye jenereta, angenisikia.

Langu hakuliomba. Lilikuwa ndani ya mfuko wangu, na biki ninayo. Watu wawili wangemaliza mapema. Nilijiambia: kesho nitaanza na langu, kisha nimuombe tugawane madarasa.

Kesho yake hakukuwa na shule. Bunduki zililia toka asubuhi, tukalala chini ya kitanda na mama. Shule ilipofunguliwa tena, baada ya wiki nyingi, nusu ya benchi letu ilikuwa tupu. Jirani wa rafiki yangu walisema familia yake imeshika njia ya Aru, kutafuta mpaka wa nchi.

Gazeti langu liko hapa mbele yangu, na "mutoto" zake zote kumi na moja. Siku moja nilianza herufi ya kwanza ya jina lake juu ya "mutoto" ya kwanza, watu wakapita dirishani wakiongea kwa nguvu, nikaacha. Ile herufi bado iko peke yake. Na hata katika kaye hii ninayoificha, nimejaza kurasa juu ya yule mtoto, na jina lake sijaliandika.