Mlango wa Makopo ya Mafuta

Vijana wa uandishi wakiniuliza habari gani ya siasa iliyonipa jina kwenye televisheni, hutarajia nitaje mahojiano na wakubwa. Wapi! Jina nililipata Murungu, Kibondo, katikati ya miaka ya tisini, na laiti ningelipata kwingine.

Televisheni ilikuwa bado ngeni nchini, nami nilikuwa kijana mwenye ujuaji mwingi. Nilimkuta mama mmoja aliyekimbia Burundi na mumewe, wenyeji wamewapa kijishamba cha maharage. Watu wa kwao walikuwa wakipita nyumba hadi nyumba, wakitaka wanaume warudi ng'ambo ya mpaka kupigana. Mumewe alikataa, akawa anajificha mle mle ndani. Mama alitaka serikali isikie, lakini aliogopa.

"Mdomo huponza kichwa, mwana wanje," akaniambia. Yaani mwanangu, kwa lugha ya kwao.

"Mama, kichwa hakitaonekana," nikamjibu, nikajiona nimesema la maana.

Nikamkalisha kwenye kigoda uani, mpiga picha akasimama nyuma yake. Alizungumza dakika kumi. Sauti yake tuliikoroga baadaye, hata mumewe asingeitambua. Mhariri aliisifu sana picha ile: mabega ya mama, kitambaa chake cha kichwani, na mbele yake nyumba ya udongo. Ikarushwa jioni, ikarudiwa kesho yake.

Wiki iliyofuata nilikuwa Kasulu. Nikaingia kwa mwenye duka mmoja, mtu wa pwani, aliyekuwa na dishi, na watu walijaa kwake kutazama habari.

"Karibu, bingwa!" akanitania. "Yule mama wa Murungu umemficha kweli kweli. Na mlango wake je? Mimi nanunua maharage kule. Mlango wa makopo ya mafuta yaliyopondwa, kopo moja limepigiliwa kichwa chini, uko mmoja tu kata nzima!"

Watu wakacheka. Nilimgeuza yule mama asionekane uso, na kamera ikatazama kule kule alikotazama yeye, kwenye mlango wake mwenyewe.

Njia nzima ya kwenda Kibondo nilimgombeza dereva, maskini wa Mungu, kumbe najigombeza mwenyewe. Tulipofika, mlango ulikuwa umelala uani, bawaba zimeng'olewa. Ndani jiko lilikuwa la baridi. Jirani, mwanamke mwenye jembe begani, alinitazama bila salamu.

"Waliuliza mlango wa kwenye televisheni ni upi," akasema. "Tukanyamaza. Wakapita barabarani wakitazama, basi."

"Mumewe?"

"Wamemchukua. Mkewe kakaa siku moja, kafunga mzigo, kawafuata huko huko ng'ambo."

Nilitaka kuomba radhi, sikujua nimwombe nani. Nikauliza kama mama aliacha neno lolote.

"Aliacha," akasema jirani. "Kasema ukija tukwambie, kichwa hakikuonekana."