Mitamba Watatu kwa Pikipiki Inayong'aa

Naikumbuka siku niliyoambiwa kweli nikacheka, mwanangu, na kwa kuwa umekuja kuniuliza juu ya ile pikipiki iliyopata ajali unayotaka kuinunua huko Bulyanhulu, kaa kwanza nikusimulie. Bei yako tutaifikia. Mimi sina haraka, na pikipiki yenyewe, kwa jinsi ulivyoieleza, haiwezi kukimbia.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami ni kijana wa Didia mwenye pamba nzuri na kichwa kigumu. Nilikuwa nimemchumbia Kabula, binti wa Mzee Shija. Mahari tulikubaliana ng'ombe wanane. Watano nilikwisha kuwapeleka, na watatu waliobaki, mitamba wazuri, walikuwa zizini kwetu wakisubiri pamba imalizike kuvunwa, maana ndio muda niliopewa. Baba yangu alikwisha kufariki, hivyo zizi lilikuwa mikononi mwangu, na balaa likaanzia hapo.

Nikaingiwa na tamaa ya pikipiki. Niliona nitabeba abiria na chumvi kati ya Tinde na Didia, nipate faida, ninunue mitamba wengine kabla Mzee Shija hajawaulizia. Kichwani hesabu ilikaa vizuri sana.

Pale Tinde alikuwapo fundi mmoja, Ramadhani, Mmanyema aliyewahi kufanya kazi ya mitambo kwenye machimbo ya Geita. Alikuwa amevunjika mguu kwa pikipiki yake mwenyewe, akaamua kuiuza. Nikamwendea asubuhi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umefuata pikipiki? Haya, tuisogeze juani uione yote."

Akaanza kunionyesha ubovu, mmoja baada ya mwingine. Uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, ulikuwa umepinda. Fremu ilikuwa na ufa chini ya tangi; alikwisha kuuchomelea, lakini akanishika kidole akanipapasisha kovu lake. Injini, akasema, ni nzima.

"Ingekuwa haijaanguka, ingefika thamani ya mitamba watano," aliniambia. "Sasa toa kazi ya kunyoosha uma. Toa vipuri. Toa na wiki mbili ambazo italala hapa bila kukuingizia kitu. Halafu toa tena kidogo, kwa sababu chuma kilichopinda hakirudi kuwa kile cha mwanzo. Nipe thamani ya mitamba wawili tu."

Sasa wewe umekulia mnadani kama mimi. Umewahi kumsikia mtu akitaja ugonjwa wa ng'ombe anayemuuza? Kwetu, kazi ya kutazama ni ya mnunuzi. Unavuta ngozi, unafungua mdomo uone meno, unamtembeza, na muuzaji anatazama pembeni utadhani ng'ombe si wake. Anayekutajia kasoro bila kuulizwa, tuliamini, anakuonyesha ndogo ili usiitafute kubwa.

Nikacheka. "Fundi," nikamwambia, "kama unazozionyesha ni nyingi hivi, ulizozificha je?"

"Sijaficha kitu, kijana."

Nikaondoka nikijiona mjanja. Na sikuishia hapo, mwanangu. Nilikwenda mnadani nikawatangazia watu kwamba Fundi Ramadhani anauza maiti ya pikipiki. Nilikuwa na mdomo mzuri siku zile, watu wakacheka, na wakaniamini.

Juma lililofuata akapita mtu kutoka upande wa Geita, kavaa shati jeupe, na pikipiki nyeusi iliyong'aa mpaka unajiona ndani ya tangi. Nikaikagua kwa ufundi wangu wote wa zizini. Ngozi nzuri. Haichechemei. Sauti yake imetulia, inanguruma polepole. Nikamuuliza ina tatizo gani.

"Hata moja," alisema.

Alitaka thamani ya mitamba wanne, nikamshusha mpaka watatu. Niliwauza mitamba wa mahari ya Kabula siku hiyohiyo, nikarudi Didia nikipiga honi hata pasipo na mtu.

Siku ya tisa, nikitoka Tinde na magunia mawili ya chumvi, kukatokea mlio wa vyuma kusagana, ikasimama. Nililiacha gunia moja kwenye boma la watu kando ya njia, nikaisukuma pikipiki kurudi Tinde, na Tinde fundi alikuwa mmoja tu.

Ramadhani alinipokea kama anavyompokea mteja yeyote. Akafungua gia boksi, akaingiza vidole, akavitoa vimejaa oili nzito iliyochanganywa na unga wa mbao. Meno ya gia yalikuwa yamekatika zamani. Unga ule uliwekwa ili kuyanyamazisha kwa siku chache. Akakwangua rangi ubavuni mwa injini. Chini yake ulikuwapo ufa uliozibwa kwa sabuni.

"Ina thamani gani sasa?" nikamuuliza.

"Tangi na matairi mawili. Hayo mtu atanunua."

Nikamuuliza na ile yake. Alikuwa ameiuza kwa katekista mmoja, kwa thamani ya mtamba mmoja, maana baada ya maneno yangu ya mnadani hakuna aliyekubali kutoa zaidi. Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana. Katekista yule tulipishana naye barabarani miaka mingi, yeye juu ya pikipiki, mimi kwa miguu.

Pamba ilipokwisha nikaenda kwa Mzee Shija kuomba mwaka mmoja zaidi. Habari zote alikwisha kuzisikia. Aliniacha nikaeleza mpaka mwisho.

"Ng'wanone," aliniita, yaani mwanangu, "kupoteza ng'ombe hakunitishi, hata mimi nimepoteza. Lakini fundi alikuambia kweli bila kumuuliza, wewe ukamwita mwongo mbele ya watu. Binti yangu naye hajui kusema uongo. Ataishi vipi nawe?"

Niliumia, mwanangu, kwa sababu nilimpenda Kabula. Aliolewa upande wa Kahama. Mama yako alikuja baadaye, namshukuru Mungu kwa ajili yake, na habari hii anaijua.

Baada ya siku tatu Mzee Shija alikuja mwenyewe akiwaswaga ng'ombe wangu watano. Nyuma yao alikuwapo ndama aliyezaliwa kwake, na mbuzi mmoja.

"Huyu mwekundu chuchu moja ilikufa akiwa kwangu," alisema. "Usingeiona leo, ungeiona siku ya kukamua. Mbuzi ni wa hiyo chuchu."

Nikafungua zizi wakaingia. Sikumtazama meno hata mmoja.

Basi kuhusu pikipiki yako. Nenda ukaione juani, injini ikiwa imepoa, uiwashe mwenyewe. Simama nyuma yake uangalie kama magurudumu mawili yanafuatana. Papasa palipopakwa rangi mpya. Chovya kijiti kwenye oili, uisugue kati ya vidole. Kisha ujue bei ya nzima, utoe matengenezo, utoe siku za kulala, utoe na kile kidogo cha chuma kilichopinda. Hesabu hii ni ya Ramadhani, mimi naibeba tu. Na muuzaji akikutajia mwenyewe ubovu ambao usingeuona, utoe mara moja kwenye bei, basi. Usimkate mara ya pili kwa sababu amesema kweli, na usiende kumcheka mbele za watu.

Nenda, mwanangu. Mungu akukutanishe na watu wanaosema kweli, na siku hiyo akupe masikio ambayo mimi sikuwa nayo.