Salamu za Jumamosi

Pale Ilomba, jijini Mbeya, redio ikikoroma, watu wanakuelekeza kwa Jofrey. Fundi yule maneno hayamwishi. Atakueleza kwamba mawimbi ya redio yanapita hewani, yakigusa antena yanatikisa umeme kidogo ndani ya chuma, na umeme huo ndio unaogeuzwa kuwa sauti. Antena ya FM uivute kama sentimita sabini na tano, robo ya wimbi. Ukiiacha fupi mno haishiki. Tena redio usiifungie ndani ya mabati, mawimbi hayapenyi. Wateja wanamtania, "Haya mwalimu, mtihani lini?"

Mama yake, Veneranda, aliishi peke yake Idodi. Simu aliikataa katakata, eti inampandisha presha. Basi kila Jumamosi Jofrey alimtumia salamu kwenye kipindi cha redio moja ya Iringa: "Kamwene mama yangu Veneranda wa Idodi." Mama akishasikia jina lake, jamani, siku hiyo majirani watakoma!

Mwaka jana Jofrey akaenda kumwezekea nyumba. Akashusha nyasi, akapigilia mabati kwa mkono wake, akarudi Mbeya roho nyeupe. Salamu akaendelea kutuma.

Baada ya miezi saba mama akafariki. Walipotoka kuzika, Helena, mdogo wake, akamletea redio ya marehemu.

"Kaka, hii ilikufa tangu ulipoondoka. Ilikuwa hapo hapo kando ya kitanda chake. Nikataka kuipeleka kwa fundi, mama akagoma. Akasema fundi amemzaa mwenyewe, atakungoja. Akanikataza nisikusumbue, umechoka na kuezeka."

Jofrey akaifungua pale pale chumbani kwa mama. Hakuona kasoro. Akaivuta antena yote, ikakoroma tu. Ndipo alipoinua macho juu, akayaona mabati yake. Fundi mzima, na somo lake lote lile!

Akatoka nayo uani. Redio ikaongea, safi kabisa. Jofrey akakaa chini kwenye vumbi, akalia mbele za watu bila aibu.

"Kumbe ilikuwa nzima?" Helena akauliza.

"Nzima."

"Na salamu?"

"Sijakosa hata Jumamosi moja."

Helena akashika kichwa. "Jumamosi ya mwisho aliniuliza kama bado unamtaja. Nikamwambia labda kazi zimekuzidi."