Wifi Yangu Amenigeuza "Mama Kurara"

Admin, ficha jina langu tu, mengine yaache kama yalivyo ili na yeye ayasome. Nina miaka 34, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Buhongwa hapa Mwanza. Ni fundi cherehani, nashona nguo za kulala za kina mama. Nina hasira, kwa hiyo wa kuniambia "samehe tu dada" apite kimya.

Wifi yangu, mdogo wa mume wangu, alirudi kutoka Dar mwaka jana akafikia kwetu. Ndiye aliyenishawishi niuze kwa video. Mimi kamera naiogopa kuliko kung'olewa jino. Akinyanyua simu tu, mdomo unakauka, na lile tatizo letu Wasukuma linanivaa, l na r zinabadilishana. Nikiongea na mteja sikosei. Mbele ya simu nikasema, "Karibuni nguo za kurara, langi zote zipo." Wifi akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, "Usijali wifi, hizi video ulizokosea nazifuta."

Nikajifunza. Kila asubuhi naegesha simu kwenye meza ya kukatia, nyuma yake namkalisha jirani yangu muuza mboga, naongea naye kama mteja. Wiki tatu nzima. Siku nilipomaliza video bila kukosea hata neno, nililia kwa furaha.

Kumbe hakufuta kitu. Aliyaunganisha makosa yangu yote akayarusha kwenye ukurasa wake, akaandika "Mama Kurara". Sasa wanaume nisiowajua wanasimama mlangoni kwangu, "Mama Kurara, tunarara saa ngapi?" Mimi, mke wa mtu.

Mume wangu nilipomwambia akasema, "Si wateja wameongezeka? Hasira za nini?" Nikampigia mama mkwe, nikamwamkia vizuri, nikamweleza yote. Akanijibu, "Wifi na wifi mnataniana, mwanangu. Ni mila." Utani gani huo wa kucheka mmoja? Na huyo wifi hana hata haya, anataka turekodi video nyingine. "Ukisema vizuri hakuna atakayeangalia. Kosea kidogo tu."

Juzi mwanangu wa miaka sita ananiaga, "Mama, naenda kurara." Baba yake na shangazi yake wakaangua kicheko mbele yangu.

Basi nimejirekodi mwenyewe. Dakika mbili, l zangu zimenyooka, r zimenyooka, sijatetemeka. Nimesema alichonifanyia, na nimesema kilichomrudisha kutoka Dar, siri aliyoniambia mwenyewe huku analia. Mume wangu ameiona. Kasema nikiirusha, nirudi kwetu Kisesa siku hiyo hiyo.

Ndugu zangu, uoga wa kamera umeniisha kabisa. Ninachoogopa sasa ni jinsi nilivyoongea vizuri nilipokuwa namwaga siri ya mtu. Niambieni ukweli, niirushe, au niifute nibaki Mama Kurara ndani ya nyumba yangu?