Mzee Pua na Tone la Majitaka

Saa kumi na mbili asubuhi, Mzee Pua ameinamia hadubini, jicho moja kalifumba. Anatazama tone la majitaka aliloliteka tangini sasa hivi. Ndani yake viumbe vya seli moja, visivyo na pua wala ubongo, vinafuata chakula. Anadondosha siki kidogo pembeni, na vilivyo karibu vinageuka na kutimua mbio.

"Umeviona? Siki haijavifikia sawasawa, vishajua," ananiambia. "Mimi niwekee chupa nzima puani, naona maji tu."

Jina la Pua alipewa na wenzake wa kituo hiki cha kusafisha majitaka, miaka ishirini na miwili iliyopita. Alikuwa akisimama ukingoni mwa tangi, ananusa, kisha anataja kilichomwagwa mjini: rangi, mafuta ya taa, dawa ya panya. Ni kazi nyeti, maana viumbe hao ndio wanaokula uchafu. Sumu ikiwaua, uchafu unakwenda mtoni kama ulivyokuja.

Harufu zilimpotea kidogo kidogo. Mkewe ndiye anayemnusia maziwa kabla hajanywa. Kazini hakumwambia mtu, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Safari hii kifo kiliangukia tangi. Asubuhi moja fundi wa pampu, mwanamke wa makamo, alisita kufungua lango linaloingiza majitaka tangini. "Mzee wangu, mbona hapa panawasha macho? Kama kuna dawa ya kuyeyushia rangi."

"Nikamjibu, 'Dada, unamfundisha Pua kunusa? Fungua!'" Mzee anasimulia. "Akafungua."

Jioni tangi lilikuwa limekufa. Kwa siku sita mto ulipokea kinyesi kibichi, na samaki wakaelea. Wakubwa walimuuliza Pua. Akasema yeye hakunusa kitu. Nani angebishana na pua ile? Lawama zikamwangukia fundi aliyefungua lango, akafukuzwa. Ana watoto watatu, na sasa anafua nguo za watu. Mzee akimsalimu njiani, haitikii.

Jumatatu rufaa ya fundi inasikilizwa. Pua amebakiza miezi kumi na minne astaafu, lakini ameomba aitwe kutoa ushahidi.

"Nitawaambia wafungue chupa yoyote, wanifunge macho, waniulize ni nini. Natumaini watamrudisha. Mimi wanifanye watakavyo."

Anaosha kioo cha hadubini, anakifuta kwa shati.

"Yule dada alinusa. Wadudu hawa walinusa. Mimi ndiye ambaye sikunusa, na mimi ndiye niliyebaki kazini."