Jirani Aliyechukua Godoro

Tulihamia Kihonda tukitokea Mzimba, kaskazini mwa Malawi, baada ya mimi kupata kazi ya kufundisha katika chuo kimoja mjini Morogoro. Nilikuja na mke wangu, watoto wetu wawili, na mama yangu, ambaye hakuna aliyemwalika lakini alikuwa wa kwanza kufunga mizigo. Kiswahili nilikijua mimi peke yangu, tena cha vitabuni. Mke wangu alijua "asante". Mama alijua "hapana".

Siku lori liliposhusha vyombo vyetu, jirani alikuja kusaidia bila kuitwa. Alikuwa mtu mzima, mpole, mkulima wa mboga mwenye shamba huko juu Uluguru. Tulikuwa tumebeba godoro, yeye mbele mimi nyuma, aliponiuliza sisi ni kabila gani.

"Wangoni," nikamjibu.

Akasimama. "Basi godoro hili langu. Babu zenu walipita huku wakachukua mbuzi wetu wote."

Nikasubiri acheke. Hakucheka. Alijitwika godoro, akalipeleka kwake, akaliegemeza ukutani, kisha akarudi kutusaidia kushusha kabati kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mke wangu aliniuliza kwa lugha yetu, Kitumbuka, godoro limekwenda wapi. Nikamwambia ni habari ya mbuzi. Akauliza mbuzi gani.

Nikaenda kwa mjumbe wa mtaa kushtaki. Mjumbe alikuwa mama wa makamo. Nilimwamkia shikamoo, akanikaribisha kiti, akanisikiliza kwa makini mpaka mwisho.

"Umesema ninyi ni nani?"

"Wangoni, mama. Wa Malawi."

"Wa Malawi, wa Songea, Mngoni ni Mngoni." Alinyoosha mkono, akanivua kofia, akaivaa yeye. "Na mimi Mluguru. Karibuni sana Kihonda, mwanangu."

Nilirudi nyumbani kichwa wazi. Mama alisikiliza kisa chote, akauliza jambo moja tu.

"Hiyo kofia aliivaa au aliificha?"

"Aliivaa."

"Basi si mwizi," akasema, akaenda kulala kwenye mkeka.

Asubuhi aliingia uani kwa jirani bila hodi, akamkamata kuku aliyenona kuliko wote, akamkwapua na kuanza kurudi naye taratibu. Mke wa jirani akapiga vigelegele. Jirani mwenyewe akatoka na mswaki mdomoni, uso umemchangamka. "Mnaona?" aliwaambia wapita njia. "Niliwaambia Wangoni wamerudi."

Mchana tulimla kuku yule pamoja, nyumba mbili, na godoro likarudi na mkungu wa ndizi juu yake. Jirani akanifafanulia polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto. Sisi ni watani, alisema. Wazee walipigana, wakachoka, wakakubaliana kwamba tangu hapo watatukanana na kunyang'anyana bila kukasirikiana, na kwenye msiba watazikana.

Tangu siku hiyo mama alijifunza Kiswahili kwa kasi, ila upande wa matusi tu. Dukani hakuweza kuomba chumvi, lakini aliweza kumwambia muuza duka kuwa ni mchoyo na ukoo wake wote. Mwanangu mdogo naye akamwita mwalimu wake goigoi, tukaitwa shuleni. Mke wangu alininong'oneza niulize kwanza mwalimu ni kabila gani. Alikuwa Mchaga. Tukaomba radhi.

Kisha kaka yake jirani akafariki huko milimani. Tulipanda na familia yake, gari mpaka lilipokomea, halafu kwa miguu, mama akipumzika kila kona na kuulaumu mlima kwa Kitumbuka. Tulipofika, wanawake walikuwa wakilia mkekani na wanaume wanajiandaa kwenda kuchimba kaburi. Mama alikwenda moja kwa moja yalipolazwa majembe, akayakalia.

"Hajafa huyu," alisema kwa Kiswahili chake cha kupinda. "Kajificha asilime."

Nilitamani ardhi inimeze. Mjane alikuwa amejifunika kanga usoni, mabega yanamtikisika, nikajua tumemuumiza mtu katika siku yake mbaya kuliko zote. Alipoifunua kanga, machozi yalikuwapo, lakini alikuwa anacheka.

"Ni kweli, bibi," alisema. "Kulima hakupenda."

Hapo msiba mzima ukacheka, kisha wakalia tena, lakini safari hii kama watu waliotua mzigo kidogo. Mama aligoma kuinuka mpaka majembe yalipokombolewa kwa kikapu cha viazi. Mimi nikapewa jembe kuchimba na wenzangu, mke wangu akaenda kumenya ndizi na wanawake.

Nikiwa nachimba, nilimsikia mzee mmoja akimuuliza jirani yetu wageni wale ni akina nani.

"Maadui zetu," akamjibu. "Wanakaa jirani yangu."

Jioni tuliteremka mlima, mimi nimebeba kikapu, mama nyuma yangu akilalamika kwamba viazi vya Waluguru ni vidogo.