Kisu Kilichowekwa Mkekani

Ninakusanya visu vya kukunja vya zamani. Nimevinunua mialoni kwa wavuvi, kwa mafundi viatu wa Ujiji, na kwa abiria wanaoshuka na mizigo yao kutoka Kongo. Nikipata kimoja, nakikagua kwa mpangilio ule ule. Sianzi na mpini, maana huku mpini haudumu: pembe ikipasuka, seremala hupachika kipande cha mninga, kisu kikaendelea na kazi. Naanza pale bapa linapoingia kwenye mpini. Hapo ndipo kiwanda kiligonga jina lake na mji wake, mara nyingine na aina ya chuma. Halafu natazama kutu. Chuma cha enzi ya Mjerumani huwa cheusi hata kikitunzwa. Kile kisichoshika kutu kilifika kwetu baadaye.

Ujuzi huo haukuwa umemdhuru mtu, mpaka Jumapili moja baba mkwe aliponiita kwake Ujiji.

Nilimkuta sebuleni na mdogo wake, ambaye mke wangu humwita baba mdogo, na mimi namfuata. Nilielekezwa kwenye kochi la ndani kabisa, meza ikasogezwa mbele ya magoti yangu. Kwenye mkeka, katikati yao, palikuwa na kisu cha kukunja chenye mabapa mawili. Kiling'aa kama sufuria ya harusi.

Nilijua kisa chake; kilikuwa kimeitesa familia tangu msiba wa baba yao. Baba mkwe, mzaliwa wa kwanza, alisema kisu ni cha babu yao, alikipata kwa Mjerumani akijenga reli, kwa hiyo ni cha ukoo na hukaa kwa mkubwa. Mdogo wake alisema hapana, baba yao alikinunua mwenyewe ng'ambo ya ziwa akiwa kijana, na alipougua akampa yeye aliyekuwa akimuuguza. Walikubaliana jambo moja tu: mimi niseme ni cha enzi gani.

"Shikamoo baba. Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mkwe," alisema baba mkwe. "Nimekusafishia. Nimekisugua kwa mchanga wa ziwani na ndimu, usije ukashika uchafu."

Nilikiokota. Pale pa muhuri palikuwa laini kama ukucha. Mchanga ule unaong'arisha masufuria yetu yote ulikuwa umekula kila herufi.

"Si nilisema usikisugue?" baba mdogo akacheka bila furaha. "Kaka, umekinyoa mpaka ndevu za babu zimeondoka."

"Wewe nyamaza. Ulitaka nimpe mkwe kisu kinachonuka dagaa?"

Nikaona upenyo. Nikasema muhuri umefutika, mpini ni mninga wa juzi juzi, kwa hiyo mtu hawezi kusema kitu. Nilikuwa nimeshaanza kuinuka.

"Na hilo dogo?" aliuliza baba mdogo.

Bapa dogo lilikuwa limekwama ndani ya mpini, limegandiana na mafuta ya samaki na kutu ya springi. Mchanga haukulifikia. Mama mkwe aliletwa na sauti zetu mlangoni, na baba mdogo akamwomba mawese kidogo. Alikuja na kibakuli, akamwagia matone mawili kwenye ungio, akarudi jikoni. Tukasubiri mawese yaingie.

Sijui kungoja kurefu kuliko kule. Nilikuwa na baba mkwe kushoto, mdogo wake kulia, meza mbele, ukuta mgongoni. Kwetu, mtu aliyeoa hampingi baba mkwe mbele ya ndugu zake. Na nikisema lililo upande wake, baba mdogo atasema nimelishwa. Niliomba moyoni bapa lisifunguke.

Lilifunguka. Nililipangusa kwa kitambaa. Chini ya uchafu chuma kilikuwa cheupe, hakina hata doa, na kwenye shina lake herufi zilisomeka zote. Chini ya jina la mji wa Ulaya paligongwa neno linalotangaza kuwa chuma hiki hakishiki kutu.

"Soma," alisema baba mkwe. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshinda. "Mwambie ni cha Mjerumani."

"Baba," nilisema, "hiki kilitengenezwa baada ya Mjerumani kuondoka. Babu alikuwa amekwisha kujenga reli."

Baba mdogo hakushangilia, na hilo lilinizidishia uzito. Wote wawili walitazama mkono wangu. Nikakumbuka kuwa watu hawapokezani kisu mkono kwa mkono; huwekwa chini, mwenye kukichukua akaokota. Kuweka katikati ilikuwa kukimbia. Kuweka upande wowote ilikuwa kuhukumu, na hakuna aliyeniambia kwamba na hilo ni kazi yangu. Nilikishika mpaka mawese yakaanza kunichuruzika kwenye kiganja. Kisha nikakiweka mbele ya magoti ya baba mdogo.

Alikiokota, akakikunja, akakitia mfukoni. "Kaka, mimi natoka," alisema kwa upole. Mlango ukafungwa.

Nami nikataka kutoka. Lakini mama mkwe aliingia na maji ya kunawa, nyuma yake ugali wa muhogo na migebuka, na mkwe haondoki chakula kikiwa mezani. Baba mkwe alinawa, akachagua samaki mkubwa, akamweka upande wangu wa sahani.

"Umesema ulichokiona," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Sawa." Alimega tonge, akalishika bila kulipeleka mdomoni. "Ila baba alipokuwa anaugua, mimi nilikuwa Kidahwe, nalima. Hakuna aliyekuja kuniita. Hilo, kisu chako kinalijua?"

Nilisema hapana.

"Basi kula."

Nilikula samaki yule wote, mpaka kichwa, kwa sababu alikuwa ananitazama.